Mkalimani katika Nchi ya Sitiri

Nyamizi Kasubi alikuwa amefanya kazi ya ukalimani kwa miaka kumi na tisa kabla hajaitwa Sitiri. Alikuwa mwanamke wa Tabora, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo watu walisahau upesi kwamba wanaisikia, na katika kazi yake hilo lilikuwa jambo la kusifiwa. Lugha ya Kisitiri aliipata kwa marehemu mama yake, aliyezaliwa nchi ile akaolewa mbali nayo. Wakalimani wa Kisitiri walikuwa wachache mno. Kwa hiyo tajiri mmoja mwenye mahoteli, Bwana Kopwe, alipotaka kwenda kuzungumza na wakubwa wa Sitiri, hakuwa na mwingine wa kumchukua.

Siku walipofika Staha, mji mkuu wa nchi ile, Nyamizi alipelekwa kwanza kwenye zahanati ya serikali ili kadi yake ya chanjo igongwe muhuri. Mbele yake kwenye foleni alisimama mwanamume ambaye mkewe alikuwa amelala sakafuni kwa kukosa kitanda. Mwanamume yule hakutaja habari za kitanda hata kidogo. Alimwambia muuguzi, "Nasikia mvua za mwaka huu zitakuwa kubwa, na mwavuli wako, dada, naona umechoka."

Muuguzi akatazama pembeni akajibu, "Kitanda cha pale dirishani kinapata upepo mzuri."

Mwanamume akashukuru, akatoka mbio. Nyamizi alipokuwa akiondoka alipishana naye mlangoni, anarudi na mwavuli mpya ambao bado ulikuwa na karatasi ya dukani. Ndani, muuguzi alikuwa ameshaanza kutandika shuka.

Nyamizi hakuelewa alichokiona. Alikuja kuelezwa kesho yake na Bwana Mwinchande, ambaye alikuwa Mpima Maneno wa Wizara ya Ardhi. Kila wizara ya Sitiri ina chumba chenye zulia na mito, kinachoitwa Chumba cha Mazungumzo. Humo waziri huonana faraghani na watu wenye uwezo, wale waliokisaidia chama chake na wale wanaotarajiwa kukisaidia. Nyuma ya ukuta mwembamba wa chumba hicho hukaa Mpima Maneno, ofisa aliyekula kiapo, akiwa na daftari. Kazi yake ni kusikiliza kama rushwa itapita.

"Sheria yetu ni fupi," Bwana Mwinchande alimwambia, huku akichonga penseli. "Rushwa ni tamko. Mtu akitamka kwa Kisitiri kwamba mtumishi wa umma apewe kitu ili naye atoe kitu, huyo aliyetamka ndiye mla rushwa. Na chochote kilichotolewa kwa tamko hilo ni batili. Kisichotamkwa hakipo."

"Na kikitendwa bila kutamkwa?"

"Huo ni urafiki."

"Kazi hii umeifanya kwa muda gani, mzee wangu?"

"Huu mwaka wa thelathini na moja."

"Rushwa umeisikia mara ngapi?"

"Mara mbili." Alisema hivyo kwa fahari. "Wa kwanza alikuwa mlevi aliyekosea mlango. Wa pili alikuwa mgeni, bado anajifunza lugha. Majina yao yako kwenye Ubao wa Wala Rushwa, pale sokoni. Nchi yetu ni safi, dada yangu. Watu hutoka mbali kuja kujifunza kwetu."

Kisha akamwonya. Lugha ya Bwana Kopwe, alisema, yeye Mwinchande haijui, na sheria pia haiijui. Lakini mkalimani akiigeuza ikawa Kisitiri, tamko ni la mkalimani. "Basi lainisha," akamwambia. "Huku wote tunalainisha. Kuna chuo kizima cha kufundisha hilo, na watoto wa wakubwa wanasoma huko miaka mitatu."

Waziri wa Ardhi, Mheshimiwa Fumbwe, alikuwa mtu wa taratibu, mwenye macho ya upole. Aliwapokea kwa maji ya tangawizi, akawauliza habari za safari, akamsifu Nyamizi kwa Kisitiri chake. Bwana Kopwe hakuwa na subira ya hayo. Aliketi kwenye mto kana kwamba amekalia jiwe, akasema kwa Kiswahili:

"Mwambie sitaki kuzunguka. Nayataka mashamba ya chumvi ya Vidimbwini, yote, nijenge hoteli. Yeye aniambie anataka nini."

Nyamizi alihisi kama mtu aliyekanyaga mahali palipokosa ngazi. Vidimbwini ndiko alikozaliwa mama yake. Mama yake mdogo, Bi Zamoyoni, ambaye hawakuwa wamewahi kuonana, alikuwa bado anaishi huko kwa chumvi hiyo hiyo, na Nyamizi alikuwa amepanga kumtembelea kazi ikiisha. Lakini ulimi wake ulikuwa umezoea kufanya kazi bila kumsubiri. Akageuka kwa waziri.

"Bwana Kopwe anasema weupe wa Vidimbwini umemvutia sana," alisema kwa Kisitiri. "Angependa kujua ni jambo gani linaloulemea moyo wako siku hizi, mheshimiwa."

Nyuma ya ukuta penseli ilisikika ikikwaruza, kisha ikanyamaza.

Waziri akashusha pumzi. "Mwambie mgeni wetu kwamba chumvi ni kitu kizuri, lakini watu wanaoivuna wamechoka. Halafu mwambie kwamba wanachama wetu hukutana juani, hata wazee, na uchaguzi uko miezi minne mbele."

"Anasema nini huyu?" Kopwe akauliza.

Nyamizi angeweza kumpa maneno jinsi yalivyokuwa, ya chumvi na ya jua, na Kopwe angebaki anamkodolea macho. Lakini tangu siku zake za kwanza kazini alikuwa amefundishwa kwamba mkalimani habebi maneno, hubeba maana. Akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti yake ile ya chini:

"Anasema ukijengee chama chake ukumbi kabla ya uchaguzi, naye atakupa mashamba ya Vidimbwini na kuwahamisha watu."

"Hapo sasa tunaelewana!" Kopwe akajipiga paja. "Mwambie nimekubali. Ukumbi wa watu elfu mbili, na feni juu."

"Bwana Kopwe anasema hali ya hewa ya leo imempendeza," Nyamizi akatafsiri. "Anawaona watu elfu mbili wamekaa kivulini, wanapata upepo."

Waziri akatabasamu, akamjazia mgeni kikombe. Muda uliobaki walizungumza habari za watoto wao. Walipotoka, Bwana Mwinchande alimwonyesha Nyamizi ukurasa wa daftari: chumvi, uchovu, jua, hali ya hewa, watoto. Chini yake alikuwa ameshagonga muhuri wa buluu wenye neno moja, SAFI.

"Umelainisha vizuri sana," akamwambia. "Kama mzaliwa."

Siku mbili baadaye Nyamizi alikwenda Vidimbwini. Palikuwa mahali tambarare, pamegawanywa kwa matuta madogo ya udongo kuwa mabwawa yasiyofika hata magotini. Wanawake walikuwa wameinama na reki za mbao wakivuta chumvi kuirundika kandoni. Bi Zamoyoni alikuwa mwanamke mfupi, wa miaka sitini na kitu, nyayo zake zimepasukapasuka kwa maji ya chumvi. Nyamizi alimsalimia akiwa nyuma yake. Yule mama hakugeuka mara moja. Alisimama na reki mkononi.

"Hiyo sauti," alisema. "Sema tena."

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Ndipo akageuka, akamshika mashavu kwa viganja vilivyokakamaa. "Dada yangu ametoka wapi?"

Alimpikia wali na samaki wa kukausha. Jioni hiyo yote akamsimulia mambo ya mama yake ambayo Nyamizi hakuwahi kuyasikia: jinsi alivyokuwa akiimba akiwa bwawani, jinsi alivyoogopa kaa. Nyamizi alicheka inapofaa kucheka. Habari za hoteli hakuzigusa. Siri ya chumba ni siri ya chumba. Mkalimani anayetoa nje alichokisikia ndani hapati kazi tena, na hata yeye mwenyewe huwa hajiheshimu. Alijiambia hivyo siku ya kwanza, na siku ya pili pia.

Siku ya tatu walikuja wapima ardhi. Walikuwa vijana wanne wenye adabu, wakapigilia vigingi vyekundu kwenye matuta, kimoja katikati ya bwawa la Bi Zamoyoni. Yeye akawafuata akiwa bado na reki.

"Jamani, wanangu, hivi ni vya nini?"

Kiongozi wao akafungua karatasi. "Mnahamishiwa Nyika ya Juu, mama. Mtapewa viwanja."

"Nyika ya Juu hakuna maji ya chumvi."

"Hapana, hakuna."

"Sasa tumekosa nini sisi?"

Kijana akaitazama karatasi yake tena, kwa uangalifu, asije akapotosha. "Hamjakosa kitu. Imeandikwa hapa kwamba mmechoka."

"Mimi? Nimechoka? Nani amesema nimechoka?"

Hapo Nyamizi, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakuweza kunyamaza zaidi. Alimvuta mama yake mdogo ndani akamweleza yote, kuanzia maji ya tangawizi hadi feni za ukumbi. Alifikiri atamlilia. Bi Zamoyoni hakulia.

"Kwa hiyo maneno yao yalipita kwako."

"Nilikuwa nafanya kazi, mama mdogo."

"Yalipita kwako, kwa lugha aliyokufundisha dada yangu." Akachukua reki yake. "Mimi sijachoka," akasema, akatoka kwenda kuvuna.

Watu wa Vidimbwini walikutana mchana huo huo, wakapeleka malalamiko mahakamani kupitia wakili wa mjini, mwanamke mwembamba aliyeitwa Lutfia. Lutfia aliposikia kwamba kulikuwa na mkalimani chumbani, aliomba aitwe kuwa shahidi. Hati ya wito ilimfikia Nyamizi asubuhi. Kabla ya saa sita akapata karatasi nyingine, ya rangi ya maziwa. Waziri alikuwa anamkaribisha kwa maji ya tangawizi.

Kopwe ndiye aliyemkuta kwanza, uani kwa wizara, amekasirika. "Wewe kazi yako ni maneno," alimwambia. "Wakikuuliza, wape maneno yaliyosemwa. Basi. Sikukulipa uwe na maoni." Akaenda zake. Nyamizi alikiri moyoni kwamba alichosema yule bwana hakikuwa uongo.

Waziri Fumbwe hakukasirika hata kidogo. Aliketi kwenye mito akamsikitikia kwa kuingizwa katika jambo la kuchosha.

"Nikuulize, dada," alisema. "Nchi hii naiongozaje bila kuongea na watu? Mtu ana fedha, anataka kujenga, anataka kuajiri. Nisimsikilize? Nikikutana naye hadharani hatasema lililo moyoni, atasema hotuba. Faragha ndiyo inayomfanya mtu awe mkweli. Mimi siuzi kitu. Namsikia mtu, namwelewa, na baadaye ninapoamua jambo nakuwa namwelewa yule niliyemsikia. Hiyo ni dhambi?"

Nyamizi aliona kwamba anaamini anachosema, na hilo lilimsumbua kuliko kama angekuwa anadanganya.

"Watu wa Vidimbwini wamewahi kuingia humu, mheshimiwa?"

"Mlango uko wazi kwa kila raia."

"Mlinzi ameniambia anayeingia lazima awe na mwaliko."

"Ni utaratibu tu. Mwaliko hupewa wanaofahamika."

"Mtu anafahamika vipi?"

Waziri akafikiri. "Kwa kuwa amewahi kuingia," akasema, na kwa mara ya kwanza akaonekana kama mtu aliyejisikia akisema kitu. Akanywa maji yake. Kisha akatazama dirishani. "Serikali inatafuta Mkalimani Mkuu. Nyumba yake iko pale mtaa wa juu, ina bustani. Mama mtu mzima mwenye miguu iliyopasuka angepumzika vizuri kwenye bustani ile."

Nyuma ya ukuta penseli ya Bwana Mwinchande iliandika: bustani.

Nyamizi alishukuru kwa kikombe, akatoka. Uani alihisi moyo una joto asilolitarajia. Bustani aliiona, kweli aliiona. Alimwona mama yake mdogo amekaa kivulini, miguu iko kwenye beseni la maji matamu. Hakuna mtu aliyemwahidi kitu. Hakuna mtu aliyemwomba kitu. Na bado tangu dakika ile, kila alipofikiria kwenda mahakamani, bustani ile ilikuwa inapita kichwani kwanza.

Mahakama ya Staha ilijaa siku ya kesi. Majaji walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa Jaji Nyangasa, mzee mkavu aliyependa Kisitiri safi. Wakili wa serikali alisimama akazungumza vizuri.

"Waziri akizungumza na mvuna chumvi, tunaita usikivu," alisema. "Akizungumza na tajiri, tunaita rushwa. Je, utajiri umekuwa kosa? Mtu anayekipenda chama akakipa kiti, ukumbi, kivuli, tumfukuze? Leteni tamko. Kama hakuna tamko, kuna wivu tu."

Lutfia akajibu akiwa ameketi nusu, kama mtu aliye na haraka. "Hatujasema tajiri asisikilizwe. Tunauliza kwa nini yeye husikilizwa kwenye mito, na wateja wangu husikilizwa na wapima ardhi."

Watu wakaguna. Jaji Nyangasa akaagiza daftari lisomwe. Bwana Mwinchande akasimama akasoma ukurasa wake: chumvi, uchovu, jua, hali ya hewa, watoto. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma cheti cha mwanawe. Wakili wa serikali akakunja karatasi zake tayari kuondoka.

Ndipo Nyamizi akaitwa. Aliapishwa. Lutfia akamuuliza waliokuwa chumbani walisema nini.

"Maneno ya Kisitiri ni hayo yaliyosomwa," alijibu. "Daftari halikukosea."

Wanawake wa Vidimbwini, waliokuwa wamekaa nyuma wote kwa pamoja, walitazamana. Bi Zamoyoni aliinamisha kichwa.

"Na Bwana Kopwe alielewa nini?" Lutfia akauliza.

"Pingamizi!" wakili wa serikali akaruka. "Kuelewa si kutamka!"

Jaji Nyangasa akamwinamia Nyamizi. Hakuwa mtu mbaya. "Shahidi, hulazimiki kujibu. Na ujue sheria kabla hujafungua mdomo. Hapa mahakamani tunaongea Kisitiri. Utakachokitamka kitakuwa kimetamkwa na wewe."

"Naijua sheria, mheshimiwa jaji."

"Unaijua, na bado unataka kujibu?"

Nyamizi alifikiria miaka kumi na tisa ya vyumba vilivyofungwa, na mamia ya watu waliozungumza mbele yake kama vile hayupo, kwa sababu walimwamini. Hakuna hata mmoja aliyepata kujuta. Aliona wazi kwamba baada ya siku hiyo hakuna atakayemwamini tena, na kwamba watakuwa na haki. Halafu akasema, si kwa sauti yake ya kazini. Ilikuwa sauti kubwa kidogo, na ilimshangaza hata mwenyewe.

"Mheshimiwa Waziri alimwambia Bwana Kopwe ajenge ukumbi wa chama kabla ya uchaguzi, naye atampa mashamba ya chumvi ya Vidimbwini na kuwaondoa watu. Bwana Kopwe akakubali. Mimi ndiye niliyewafikishia. Hakuna kati yao aliyesema kwamba nimekosea."

Watu walishtuka. Wengine waliziba masikio. Mwanamke mmoja akamfunika mtoto wake kwa kanga. Kisha ilisikika penseli tu. Bwana Mwinchande, kwa mazoea ya miaka thelathini na moja, alikuwa anaandika.

"Samahani," akauliza, bila kuinua macho. "Ukumbi wa watu wangapi?"

"Elfu mbili," Nyamizi akasema. "Na feni."

Majaji walirudi baada ya saa moja. Jaji Nyangasa alisoma hukumu kwa utulivu. Mahakama, alisema, imejiridhisha kwamba rushwa imetokea. Imeisikia kwa masikio yake yenyewe, kwa Kisitiri fasaha kisicho na utata. Kwa kuwa utoaji wa mashamba ya Vidimbwini umetajwa ndani ya tamko hilo, utoaji huo ni batili, vigingi ving'olewe. Kuhusu nani mkosaji, mahakama haikupata shida. Mheshimiwa Waziri hakutamka. Bwana Kopwe hakutamka. Aliyetamka ni mkalimani.

Nyamizi Kasubi akatiwa hatiani kwa kosa la rushwa. Jina lake liandikwe kwenye Ubao, naye aondoke nchini ndani ya siku nne na asirudi mpaka apate msamaha. Wakili wa serikali alimpongeza waziri kwa kutoka bila doa. Mlangoni Mheshimiwa Fumbwe alipishana na Nyamizi, akasimama, akamwinamia kwa heshima. Alionekana anasikitika kweli. "Ulikuwa na kipaji cha kulainisha," alisema.

Katika siku nne zile yalitokea mambo kadhaa. Jina la Nyamizi liliandikwa la tatu, chini ya mlevi na yule mgeni, na walimu walileta wanafunzi kuliona. Bunge lilikutana kwa dharura kuzuia rushwa isijirudie, na baada ya mjadala wa siku mbili likapitisha kwamba kuanzia sasa mkalimani yeyote haruhusiwi kuingia Chumba cha Mazungumzo. Wabunge wa pande zote mbili waliunga mkono. Bwana Kopwe alijiandikisha chuoni kusoma Kisitiri, darasa la watu wazima. Bwana Mwinchande aliomba kustaafu. Alipoulizwa sababu, aliandika kwamba amesikia kitu, na hawezi tena kusikiliza kama zamani. Barua yake ilirudishwa kwa kuwa haikueleweka.

Na vigingi vyekundu viling'olewa. Bi Zamoyoni alikichomoa kile cha kwake mwenyewe, akakitia jikoni.

"Kwa hiyo wewe ndiye mla rushwa wetu," alimwambia Nyamizi, akiwasha moto kwa kigingi. Ilikuwa mara ya kwanza kumtania tangu siku ile ya wapima ardhi. Nyamizi alicheka hadi machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka yakakawia kukoma. Mama yake mdogo akamsogezea kiti, akaendelea kupika.

Asubuhi ya siku ya nne, Nyamizi alipofungua mlango ili aondoke, alikuta mifuko. Ilikuwa mifuko ya chumvi, myeupe, imefungwa vizuri kwa kamba za makumbi, imepangwa kutoka kizingitini hadi njiani. Wanawake wa Vidimbwini walikuwa wamesimama upande wa pili wa njia. Hawakusema neno. Walikuwa wanatazama mawingu, matuta, kucha zao.

"Hii ni nini?" Nyamizi akauliza.

Hakuna aliyejibu. Mmoja akasema kwamba mwaka huu jua limekuwa zuri.

"Chukua, mwanangu," Bi Zamoyoni akamnong'oneza. "Hakuna aliyesema kitu."

Nyamizi aliitazama mifuko ile. Aliona kazi iliyomo, migongo iliyoinama, na aliguswa sana. Alikuwa amepoteza kazi yake kwa ajili yao, na hapa palikuwa na chumvi ya kumtosha kuanzia biashara ndogo huko kwao. Ilikuwa rahisi kabisa. Angeinama tu akachukua. Ndipo akajua waziri alivyokuwa anajisikia kwenye mito yake: si kama mwizi, ni kama mtu anayependwa. Moyo ulikuwa na joto lile lile alilolisikia uani siku ya bustani.

"Siwezi kuchukua kitu ambacho sijui ni cha nini," akasema. "Niambieni. Mtu mmoja aniambie."

Wanawake walimtazama kwa aibu, kama anavyotazamwa mtu aliyevua nguo hadharani. Wengine wakaanza kuondoka. Halafu akasogea mmoja wao, mwanamke mzee kuliko wote, Bi Mosi, ambaye bwawa lake lilipakana na la Bi Zamoyoni. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni kama mtu anayeanza kazi.

"Basi mimi nitasema," akasema. Akakohoa, akaanza upya. "Tumekuletea chumvi kwa sababu umetusaidia. Hilo moja. Na la pili, tunatumaini utaipokea, ili siku nyingine tukipata shida uone vibaya kukataa kutusaidia tena." Akavuta pumzi. "Nadhani ndivyo ilivyo. Sijawahi kulisema."

Bi Mosi mwenyewe alionekana kama mtu aliyetua mzigo akashangaa ulikuwa mzito kiasi gani.

"Asante, mama," Nyamizi akasema. "La kwanza nimelipokea. La pili chukueni."

Wanawake wakacheka, kwanza mmoja mmoja, halafu wote. Kila mmoja akainama akabeba mfuko wake akarudi nao nyumbani. Bi Zamoyoni akafunga mlango, akamsindikiza binti wa dada yake hadi mpakani. Walikwenda mikono mitupu, wakiongea njia nzima kwa Kisitiri, kila mmoja akisema alichokusudia.